Kata kwanza, kisia baadaye: usahihi wa utafutaji ndani ya msimbo wa programu

Katika OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za VVU za Eldoret nchini Kenya, rekodi ya mgonjwa haifutwi kwa methodi iitwayo deletePatient. Inabatilishwa kwa voidPatient, na anayeiita hana budi kutaja sababu. Ipo pia purgePatient, inayoiondoa rekodi moja kwa moja kwenye hifadhidata. Mpangilio huo una maana kubwa hospitalini, ambako historia ya mgonjwa haipaswi kutoweka kwa sababu ya kubofya mara moja. Lakini mwanaprogramu aliyejiunga na mradi juzi hajui hayo. Anaandika "delete patient" kwenye kisanduku cha kutafutia, analetewa majibu yasiyomsaidia, na anaondoka akiamini kwamba kitu hicho hakipo.

Mwenzake anatafuta "patient by uuid" na hapati kitu, ingawa getPatientByUuid imo humo humo. Wa tatu ameandika getPateintByUuid, herufi mbili zikapishana, naye hapati kitu. Wote watatu wamekosa walichokitaka, ila kila mmoja amekwama kwa sababu yake. Wa kwanza ametumia neno ambalo waandishi wa msimbo hawakulichagua. Wa pili ana maneno yote sahihi, lakini injini haikujua kuligawa jina. Wa tatu vidole vimeteleza. Zana nyingi huwatibu wote kwa dawa moja, yaani kulegeza ulinganishaji ili hata vinavyofanana kidogo tu vikubaliwe. Majibu huongezeka, na usahihi hushuka. Msimamo wa makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya usahihi hupatikana mapema zaidi, pale faharasa inapojengwa na majina kukatwa vipande. Ukisiaji una kazi yake, lakini ungoje zamu.

Suala lenyewe si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanaprogramu wa Google ulionyesha kwamba kwa wastani kila mmoja hutafuta ndani ya msimbo mara 12 kwa siku ya kazi, katika vipindi vitano. Wanatafuta mfano wa kuiga, mahali kitu kilipofafanuliwa, au sababu ya hitilafu. Nao Florian Deissenboeck na Markus Pizka, walipoupima msimbo wa Eclipse, zana ya kuandikia programu, mwaka 2005, walikuta kwamba takriban asilimia 70 ya herufi zake zimo ndani ya majina: ya vigeu, ya methodi, ya klasi. Anayetafuta ndani ya msimbo, basi, anatafuta majina. Na majina hayo hayaandikwi kama maneno ya gazetini.

Injini ya kawaida ya utafutaji imefundishwa kusoma lugha ya watu. Hukata maandishi penye nafasi, hutupa alama za uakifishi, hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, huacha maneno madogo yanayojirudia, kisha hupunguza kila neno hadi mzizi wake. Kila hatua ina busara yake kwa habari na barua. Ndani ya msimbo, karibu kila hatua huharibu kitu.

Tuanze na maneno madogo. Orodha ya Kiingereza ambayo Lucene, maktaba ya utafutaji, ilikuja nayo kwa miaka mingi ina maneno 33, na ndani yake mna if, for, in, is, not, to, be, this na with. Mengi ya hayo ni maneno msingi ya lugha za programu. Hasara haiishii hapo. Chukua toBe, funksheni inayotumika kila siku na wanaoandika majaribio kwa Jest. Ukiikata vizuri unapata to na be, na yote mawili yamo kwenye orodha ya kutupwa. Jina zima limeyeyuka. Ndivyo inavyokuwa kwa not_in pia. Mkataji amefanya kazi yake sawasawa, kisha mchujaji anayemfuata akaizika.

Kupunguza hadi mzizi kuna hatari ya aina yake. Algoritimu ya Martin Porter ya mwaka 1980 huondoa s ya mwisho, kwa hiyo news inakuwa new. Kwa mfumo wa tovuti ya habari ulioandikwa kwa Java, jedwali la habari sasa limechanganyikana na kila mstari unaounda kitu kipya. Nazo alama za uakifishi ambazo injini ya maandishi huziona takataka ndizo zinazobeba maana: tofauti ya = na == inaweza kuwa ndiyo hitilafu yenyewe. Kwa miaka mingi utafutaji wa GitHub wenyewe ulikuwa ukizipuuza alama hizo, na wanaprogramu walilalamika kwa haki.

Sasa tuingie kwenye kukata. Kanuni rahisi inasema: kata penye mstari wa chini, na kata kila herufi ndogo inapofuatwa na kubwa. Hiyo inatosha kwa patient_id na patientId. Haitoshi kwa XMLHttpRequest, jina ambalo vivinjari vyote vinalijua na ambalo linavunja utaratibu wake lenyewe: kifupi cha kwanza kimeandikwa chote kwa herufi kubwa, cha pili kwa herufi kubwa moja tu. Hapa hatuna herufi ndogo kabla ya H, kwa hiyo kanuni rahisi inatoa XMLHttp kama kipande kimoja. Anayekata kwenye kila herufi kubwa naye anapata X, M, L, Http, Request, na jina la OpenMRS lenyewe linakuwa Open, M, R, S. Kinachofaa ni kanuni ya pili: mfululizo wa herufi kubwa unapofuatwa na herufi ndogo, kata kabla ya ile kubwa ya mwisho. XML, Http, Request. Safi.

Kisha inakuja tarakimu. Ukiikata sha256 kuwa sha na 256, anayetafuta 256 ataletewa kila kibafa chenye ukubwa huo. Usipoikata, anayeandika "sha 256" hatapata kitu. Nayo iOSVersion, kwa kanuni zote mbili hapo juu, inatoka i, OS, Version, na hakuna kanuni ya herufi itakayoiokoa. Inahitaji orodha fupi ya majina ya pekee, na kila mradi una yake.

Kwa sababu hakuna mkato mmoja ulio sahihi daima, jibu linalofanya kazi ni kuhifadhi zaidi ya mmoja mahali palepale. Faharasa iweke getPatientByUuid nzima kama ilivyoandikwa, iiweke tena kwa herufi ndogo tupu, kisha iweke vipande vyake get, patient, by na uuid, vyote vikielekeza kwenye nafasi ileile ya faili. Lucene ina kichujio cha kazi hiyo. Gharama yake ni faharasa kubwa zaidi. Faida yake ni kwamba jina kamili likilingana unaweza kulipa alama nyingi kuliko vipande, na mwanaprogramu wa pili tuliyemwona hapo juu anapata jibu lake bila kukisia chochote. Sharti ni moja: swali la mtafutaji likatwe kwa mkasi uleule ulioikata faharasa. Utofauti kati ya hivyo viwili ni kosa la kawaida mno, nalo ni gumu kuligundua kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa hitilafu.

Wapo waliokataa mjadala huu wa maneno tangu mwanzo. Ken Thompson alipoandika grep huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuhitaji kujua neno ni nini: herufi zinafuatana au hazifuatani. Usahihi wa namna hiyo ni kamili, na ndiyo maana grep na mrithi wake ripgrep, iliyotolewa na Andrew Gallant mwaka 2016, bado ziko mikononi mwa kila mtu. Ugumu unaanza msimbo unapokuwa mkubwa. Wahandisi wa GitHub walieleza mwaka 2023 kwamba walikuwa na terabaiti 115 za msimbo. Kwa hesabu yao, kuzipitia zote kwa ripgrep kwenye mashine 32 zenye viini 64 vya kichakataji kila moja kungechukua sekunde 96 kwa swali moja tu, na wakati huo hakuna mwingine anayehudumiwa.

Njia ya kati ilionyeshwa na Google Code Search, iliyofunguliwa mwaka 2006 na kufungwa mwanzoni mwa 2012. Russ Cox, aliyeijenga, alieleza baada ya hapo ndani yake kulikuwa na nini: trigramu. Kila faili hukatwa vipande vya herufi tatu tatu vinavyopandana, alama na nafasi zikiwemo. Neno void hutoa voi na oid. Swali likija, hata likiwa la regeksi, yaani ruwaza ya herufi, injini hutafuta faili zenye trigramu zote zinazolazimika kuwemo, kisha hukagua hizo chache kwa regeksi yenyewe. Cox alionyesha kwamba msimbo wa Linux wa megabaiti 420 ulihitaji faharasa ya megabaiti 77. Zoekt, iliyoanzishwa na Han-Wen Nienhuys, iliendeleza wazo hilo, na leo inatumika ndani ya Sourcegraph na GitLab. GitHub walipojenga injini yao mpya kwa lugha ya Rust waligundua kwamba vipande vya herufi tatu havichuji vya kutosha, maana for iko karibu kila mahali, wakaamua kutumia vipande vya urefu unaobadilika.

Trigramu haimdanganyi mtu. Inatoa kile hasa kilichoombwa, alama zote zikiwa mahali pake. Lakini haijui kwamba patient_id na patientId ni kitu kimoja, na anayetafuta kwa maneno mawili yenye nafasi katikati itamwacha mikono mitupu. Kwa hiyo injini nzuri ya msimbo inahitaji faharasa mbili, ya trigramu na ya tokeni, yaani vipande vya majina, na swali lipelekwe kote kuwili. Sioni njia ya mkato hapo.

Ukisiaji una historia ndefu kuliko grep. Mwaka 1964 Fred Damerau wa IBM aliripoti kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja imezidi, moja imepungua, moja imebadilishwa, au mbili jirani zimepishana. Mwaka uliofuata Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti aliyekuwa akishughulikia misimbo ya kusahihisha makosa ya mawasiliano, alichapisha kipimo kinachobeba jina lake: idadi ndogo kabisa ya mabadiliko ya herufi yanayohitajika kutoka neno moja hadi jingine. Kwa Levenshtein, pateint na patient zimetengana kwa hatua mbili. Kwa Damerau, ambaye anahesabu mpishano kuwa kosa moja, ni hatua moja. Tofauti hiyo ni kubwa kwa watu wanaoandika haraka, na Lucene huchukua upande wa Damerau isipoambiwa vinginevyo.

Hapa kazi ya mkasi inarudi kwa nguvu. Mtu ameandika pateint. Faharasa yenye vipande inalo neno patient, umbali ni hatua moja, jibu limepatikana. Faharasa isiyokata ina getpatientbyuuid yenye herufi 16, na kutoka pateint kufika huko ni hatua kumi. Lucene haivuki hatua mbili, na ina sababu: zaidi ya hapo karibu kila neno fupi linafanana na kila jingine. Ukisiaji juu ya majina yasiyokatwa ni bure, na kuupanua hakukuokoi.

Hata juu ya majina yaliyokatwa, umbali wa herufi haujui umbali wa maana. Encrypt na decrypt zimetengana kwa hatua mbili tu. Valid na invalid vilevile. Injini ya utafutaji ya Elasticsearch, kwa mpangilio wake wa AUTO, inaruhusu hatua moja kwa neno la herufi tatu hadi tano na hatua mbili kwa neno refu zaidi, kwa hiyo anayetafuta mahali data inaposimbwa anaweza kuletewa mahali inaposimbuliwa. Kwenye mfumo wa malipo, hilo ni jambo zito.

Timu za Afrika Mashariki zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye majina zina ugumu wa ziada, kwa sababu Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno, nazo zana hizi zilitengenezwa na watu wanaotazama mwisho wake. Kati ya mteja na wateja kuna hatua mbili. Mteja ina herufi tano, kwa hiyo AUTO inairuhusu hatua moja: anayetafuta mteja hapati wateja. Wateja ina herufi sita, inaruhusiwa hatua mbili: anayetafuta wateja anapata mteja. Mlango unafunguka upande mmoja. Ukitumia pg_trgm, kiendelezi cha hifadhidata ya PostgreSQL kinachopima mfanano kwa trigramu, mfanano wa maneno hayo mawili ni 0.3 kamili, yaani palepale kwenye kizingiti chake cha kawaida. Sasa pima mlipaji na mlipwaji, anayetoa pesa na anayepokea. Umbali wao ni hatua moja, na mfanano wa trigramu unazidi 0.54. Kwa macho ya mashine, mtoa na mpokeaji ni ndugu wa karibu kuliko umoja na wingi wa neno lilelile.

Dawa ya hilo haiko kwenye kulegeza. Iko kwenye mkasi tena: umoja na wingi viunganishwe faharasa inapojengwa. Kung'oa viambishi kwa kanuni tupu kutaleta madhara, kwa sababu kiasi itabaki asi na waraka itabaki raka. Lakini ukiweka sharti kwamba kipimo iunganishwe na vipimo pale tu maneno yote mawili yanapoonekana ndani ya msimbo huohuo, makosa mengi hayapati nafasi. Kazi hii si kubwa, ila haitafanywa na watu wa mbali. Itafanywa na wanaoandika majina hayo.

Kuna aina nyingine ya ukaribu inayochanganywa na ule wa tahajia, nayo ni ufupisho. Anayeandika gpbu kwenye fzf, zana iliyotolewa na Junegunn Choi mwaka 2013, anatarajia getPatientByUuid. Herufi zake nne zimo zote na kwa mpangilio huo, na fzf huongeza alama zinapoangukia mwanzo wa kipande. Kwa majina ya faili na ya methodi njia hii ni tamu sana, kwani orodha ni fupi na mtumiaji anaona matokeo yakibadilika kila anapobonyeza. Ukiipeleka ndani ya maandishi yote ya msimbo, herufi nne kwa mpangilio zitapatikana karibu kila mstari.

Makosa ya tahajia hayako upande wa mtafutaji peke yake. Kichwa cha HTTP kinachotaja ukurasa uliotangulia kiliandikwa Referer, kwa r moja pungufu, na kosa hilo likathibitishwa na RFC 1945 ya mwaka 1996. Baadaye ikaja Referrer-Policy, iliyoandikwa sawasawa. Msimbo wa seva yoyote ya wavuti leo unaweza kuwa na tahajia zote mbili. Unix nayo ina creat, bila e. Kisahihishi kinachotumia kamusi ya Kiingereza kitamrekebisha mtafutaji aliyekuwa sahihi na kumpeleka kusiko. Kamusi inayofaa ni moja tu: orodha ya tokeni zilizomo ndani ya faharasa yenyewe, pamoja na idadi ya kila moja.

Mpangilio ninaoutetea, basi, ni huu. Jina kamili likilingana, lije juu, na ufafanuzi wake utangulie mahali linapotumika. Zana kama ctags na tree-sitter zinaweza kutofautisha hayo mawili. Vipande vikilingana, vifuate. Makisio yaitwe pale tu ngazi hizo zinapotoka tupu au na majibu machache mno, yazuiwe kwenye maneno mafupi, na mtumiaji aambiwe waziwazi kwamba anachokiona ni makisio. Injini inayoleta decrypt kimyakimya kwa aliyeomba encrypt imemnyima nafasi ya kushuku.

Anayeandika delete mahali pa void haponi kwa lolote kati ya hayo. George Furnas na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wawili wakiombwa kukipa kitu kimoja jina, uwezekano wa kuchagua neno lilelile ni chini ya asilimia 20. Utafutaji wa vekta, unaogeuza swali na msimbo kuwa namba na kupima ukaribu wa maana, unaweza kuvuka pengo hilo. Mwaka 2019 GitHub walitoa CodeSearchNet, mkusanyiko wa funksheni zipatazo milioni sita, ili watafiti walipime hilo. Manufaa yake ni ya kweli. Lakini vekta haijali herufi, na aliyenakili msimbo wa hitilafu neno kwa neno anazitaka herufi zilezile. Vekta iongezwe pembeni, isiondoe kilichopo. Kwa mradi mmoja wenye msamiati wake, jedwali dogo la visawe lililoandikwa na watu wanaoujua, void kwa delete, retire kwa disable, hufika mbali kwa gharama ndogo mno.

Yote haya yapimwe kwa maswali ya watumiaji wenyewe. Kumbukumbu za utafutaji zinayo tayari: mtu aliuliza, hakubofya kitu, akabadili swali mara moja, akabofya. Swali la kwanza na faili aliyoibofya mwishoni ni jozi ya majaribio iliyotengenezwa bila kumsumbua mtu. Jibu likija nafasi ya kwanza lipewe 1, nafasi ya nne 0.25, kisha wastani uchukuliwe. Jozi zigawanywe kwa sababu ya kushindwa kwake, mkato, tahajia au msamiati, kwa maana alama moja ya jumla inaweza kupanda huku kundi moja likizama. Na pawepo maswali ya kukataza pia: kwa encrypt, decrypt isitokee juu ya jibu lolote sahihi, kwa mlipaji, mlipwaji asionekane bila alama ya kwamba ni makisio. Jaribio la namna hiyo likivunjika, mabadiliko yaliyolivunja yasiingie kwenye seva, hata kama wastani umepanda.